Wananiita Afika

(Haya ni maneno niliyoongea kwenye kikao chetu cha wapenzi wa zilipendwa hapa Morogoro. Wengi hamkufika, wengine mvua wengine mpira, mkaniomba niandike. Nimeandika kama nilivyoongea. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata pale ukumbini umeme ulikatika kabla hatujafika picha ya tatu.)

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana wachache mliojikuta humu kwa bahati mbaya, mambo vipi. Mwenyekiti asante kwa nafasi, asante pia kwa kunitambulisha kama "mwenzetu wa majuu", ila hapo naomba nikusahihishe kidogo na usinichukie.

Majuu gani, Mwenyekiti? Mimi nakaa kijijini. Kijijini kabisa, mkoa wa Yasothon, kaskazini mashariki mwa Thailand, upande wanaouita Isan. Kutoka Bangkok ni zaidi ya kilomita 500, unalala kwenye basi unaamka shingo imepinda. Najua mkisikia Thailand mnawaza Phuket, bahari, wazungu wamejianika mchangani kama dagaa. Kwetu hakuna bahari. Kuna mpunga. Ukitoka nje asubuhi kushoto mpunga, kulia mpunga, mbele hekalu la Wabudha, nyuma ya hekalu mpunga. Yaani mtu wa Ifakara ukimshusha pale usiku akaamka asubuhi atauliza tu mto uko wapi. Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo, na chini ya nyumba ndiyo sebule yenyewe, kuna mkeka, bembea ya wavu, pawatila, pikipiki ya mke wangu, kuku, na mimi.

Nilifikaje? Wale wa zamani mnakumbuka 2007 pale Ipanko, Mahenge, yalipotoka yale mawe makubwa ya spineli, vito vya thamani, watu wakachanganyikiwa, Wathai wakajaa Mahenge mpaka mama ntilie wakajua kuhesabu kwa Kithai. Mimi nilikuwa dalali. Nikasema hawa wanakuja huku kununua, kwa nini nisiende kwao mwenyewe? 2008 nikapanda ndege na mawe yangu mpaka Chanthaburi, kule ndiko kwenye soko la vito, wikiendi wanunuzi wanakaa kwenye meza madalali wanapanga foleni na vipakiti vya karatasi, unamfungulia, anamulika, anakuandikia bei ya kukutukana, unafunga unaenda meza nyingine. Mawe yaliisha, hela ikaisha, nikabaki mimi. Na dada mmoja aliyekuwa anakata mawe karakana ya jirani, mtu wa Yasothon. Mengine mnayaelewa, tusipoteze muda. 2010 baba yake akafariki, mama yake akabaki peke yake na shamba, tukahamia kijijini.

Sasa kule jina langu hakuna anayeliweza. Wakauliza unatoka wapi, mke wangu akasema Afrika, na wale watu herufi R kwao ni ya mapambo tu, ikatoka "Afika". Basi kijiji kizima, mkubwa mdogo, hata mtawa wa hekaluni: Afika! Afika! Na mimi kila nikiitwa, kichwani kwa Kiswahili nawaza, kafika wapi? Miaka mitatu nzima ya mwanzo nilikuwa naitwa Afika na sijafika popote. Hilo ndilo nililokuja kuongea.

Kusini kwetu kuna uwanda mkubwa unaitwa Thung Kula Ronghai, umepita mikoa mitano. Jina lake maana yake uwanda walipolia Wakula. Wakula walikuwa wachuuzi kutoka upande wa Burma, watu sugu, wanatembea na mzigo begani kijiji mpaka kijiji. Wanasema walipovuka ule uwanda kiangazi, hakuna maji hakuna mti hakuna mtu, unatembea siku nzima unayoyaona mbele ndiyo uliyoyaacha nyuma, wale watu sugu wakakaa chini wakalia. Leo pamelimwa, ndiko unakotoka ule mchele unaonukia mnaouona supamaketi, lakini jina limebaki. Mke wangu alinihadithia hiyo siku ya kwanza tunapita pale na basi, mimi nimebeba begi la nguo na boksi la kaseti, nikamwangalia nikasema dalali wa kutoka mbali, anapita hapa, analia. Ni mimi huyo au?

Na nililia nini? Hapa ndiyo watu wanakosea. Mtu akikaa ughaibuni mnamuuliza chakula unakula nini. Jamani chakula hakikuwa na shida hata siku moja! Wale watu wa Isan wanakula wali wa kunata, tena kwa mkono. Unakata tonge, unalizungusha, unabonyeza, unachovya. Siku ya kwanza mama mkwe amekaa ananitazama kama mtu anayesubiri sarakasi, mimi nikakata tonge kama la ugali nikachovya kwenye pilipili, mama akapiga paja lake akasema kitu, watu wote wakacheka. Baadaye nikaambiwa alisema "huyu amelelewa". Kumbikumbi wanakula. Kinu na mchi wanavyo, kinu cha udongo wanatwangia papai bichi na pilipili na ndimu, jioni kila nyumba unasikia pok, pok, pok, ukifumba macho uko Mafiga yetu hapa Moro kabisa.

Wala sheria za ugeni hazikuniliza, ingawa zinachosha. Ardhi huwezi kumiliki, ni ya mke. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji kwamba bado upo palepale, nilichelewa mara moja tu faini baht 2,000, hela ya kuku kumi na kitu. Unazoea.

Kilichoniliza ni masikio. Mnaelewa nikisema masikio?

Kule kijijini kuna nguzo, juu ya nguzo vipaza sauti, na alfajiri mwenyekiti wa kijiji anawasha. Jogoo hajawika vizuri, mara krrrr, anakohoa kwanza, halafu anatangaza: leo mbwa wote wakachanjwe, mbolea imefika, fulani amefiwa. Akimaliza anapiga nyimbo za zamani za kwao. Mimi nimelala naangalia bati, sielewi neno, sielewi wimbo, kifua kinabana. Kwa sababu kitu chenyewe nakijua! Sauti inayotoka juu asubuhi na kumwambia kila mtu habari ileile na wimbo uleule, sisi si ndivyo tulivyokua?

Wangapi humu walikua na redio moja nyumbani? Naona mikono. Redio ya nani? Ya baba. Nani aligusa? Hakuna. Kwetu ilikuwa kwenye kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma na mama, na betri zikichoka mzee ananituma kuzianika juu ya bati, nne, zimepangwa kama mihogo, jioni nazishusha za moto zinapata nguvu ya nusu saa. Nusu saa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Taarifa ya habari, salamu, halafu muziki, na mtangazaji akitaja bendi mzee anaongeza sauti kidogo, kidogo tu, betri. Januari 1979 ndipo ilipotangazwa Mbaraka Mwinshehe amekufa kwa ajali ya gari Mombasa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Mzee hakusema kitu, alinyanyuka akazima redio, akatoa betri moja moja akaziweka mfukoni mwa shati, akatoka. Mpaka leo sijui alikwenda nazo wapi.

Na kwa sababu tuko Morogoro niseme na hili, maana kule Yasothon huwa najivuna nalo: mimi si mtu wa kwanza wa mji huu kupeleka gitaa Asia. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, maonyesho ya dunia ya Osaka. Mbaraka alishapita upande ule kabla sijaanza hata darasa la kwanza.

Halafu sisi tukawa vijana, miaka ya 80, sukari hakuna, sabuni foleni, suruali moja mnaazimana watu watatu, lakini muziki! Mlimani Park na Sikinde yao, Juwata na Msondo, Vijana Jazz, Maquis, Bima Lee. Hebu waelezeni hawa vijana, bendi ilikuwa ya shirika la bima! Ya chama cha wafanyakazi, ya polisi, ya magereza, kiwanda cha nguo kina bendi. Wakija Moro wikiendi kiingilio huna. Tulikuwa tunakwenda hivyohivyo, tumepiga pasi ya mkaa, tunasimama nje ya ukuta wa ukumbi. Ukuta ule tuliujua kila tofali. Kuna kona moja upande wa choo, besi ilikuwa inapita humo vizuri kuliko ndani. Wimbo ukianza taratibu mnasimama tu mnasikiliza maneno, mtu anajifanya anafunga kamba ya kiatu, halafu likiingia chemko, pale wimbo unapochanganya mbio, gitaa la solo linapanda, basi vumbi linatimka pale nje mpaka mlinzi anakuja kucheza na sisi. Mimi ndani ya ule ukumbi nimeingia mara mbili maisha yangu yote. Nje nimecheza labda mara 100.

Nawaeleza hivi ili mjue nilibeba nini. Kaseti 14. Nilizirekodi mwenyewe, nyingine ukisikiliza vizuri unasikia kuku wa nyumbani kwetu nyuma ya tarumbeta. Na redio kaseti nilinunua kulekule, soko la mitumba.

Basi nikawa mgonjwa. Sitanii. Nikitoka shamba naoga napanda juu nafunga mlango nabonyeza. Jirani ana harusi, muziki unapigwa, mimi nafunga dirisha. Mtoto wa jirani anaingia utawa, maandamano yanapita na gari la spika kubwa kama kabati za nguo, watu wanacheza barabarani kuanzia bibi mpaka kitukuu, mimi nimeweka kaseti naongeza sauti nishindane na gari la spika. Nikawa nawaambia watu hawa wanapiga kelele tu. Nilisema hivyo, mbele ya mke wangu, kuhusu muziki wa baba yake aliyemzika juzi. Aibu mpaka leo.

Kule hata mwaka wanahesabu tofauti, wako mbele yetu miaka 543. Risiti yangu ya kwanza ya uhamiaji imeandikwa 2551. Fikiria, miguu yangu iko mwaka 2551 na masikio yako 1984, hapo katikati nani atanipata? Mke wangu ndiye aliyesema, na alisema bila hasira huku anamenya papai: "Wewe hukai hapa. Unakaa ndani ya hiyo redio, sisi unatutembelea kula."

Mnalijua lile neno linaloingia likakaa? Ndilo hilo. Nilikasirika siku mbili.

Halafu kaseti ikakatika. Ilikuwa 2013, msimu wa mvua, unyevu wa kule unaota ukungu hata kwenye mkanda wa suruali. Ile kaseti ninayoipenda kuliko zote ikanaswa, nikavuta kwa papara, kanda ikachanika. Nikakaa chini ya nyumba nimeishika ile kanda inaning'inia kama utumbo. Hapo ndipo alipokuja mzee jirani yetu, tunamwita Ta, maana yake babu. Miaka yote hiyo Ta na mimi tulikuwa tunasalimiana tu kwa kukutanisha viganja. Akaangalia kaseti, akaniangalia mimi, akasema: "Mushkila."

Nikashtuka. Nikasema, "Mushkeli?"

"Mushkila kabir!" Mzee anacheka meno mawili.

Jamani. Ta alikuwa Saudia! Miaka ya 80 wanaume wa Isan walikwenda Saudia kwa maelfu kujenga, mpaka 1989 yule mfanyakazi Mthai alipoiba vito vya jumba la mwana wa mfalme, mambo yakachafuka, Saudia wakafunga mlango, ukaja kufunguliwa 2022. Mimi kama mtu wa mawe hiyo hadithi huwa nasikiliza mara mbilimbili. Ta alibeba zege Riyadh miaka sita, akarudi na saa, blanketi, na maneno kama 40 ya Kiarabu. Na maneno 40 ya Kiarabu kwa Mswahili ni mtaji mkubwa. Dakika. Kitabu. Sahani. Habari. Hesabu. Tukakaa pale tunarushiana maneno kama watoto wanacheza gololi, mke wangu anatoka jikoni anatukuta mimi na Ta tunaongea lugha ambayo si yake wala si yangu wala si ya mtu yeyote wa Yasothon.

Akachukua kaseti akaenda nayo kwake. Nikamfuata. Chini ya kitanda ana kopo la biskuti, amejaza mchele uliokaangwa mkavu, na ndani ya mchele kaseti zake, zimezikwa kama karanga. Hizo ndizo alizokuwa nazo Riyadh. Alinionyesha kwa mikono: kambini, usiku, kitanda cha juu, kaseti sikioni, shuka mpaka kichwani ili wenzake wasimwone analia. Sikuhitaji mkalimani. Akatoa wembe, akakata pale palipochanika, kipande kilichoharibika akakitupa, akaunga kwa selotepu, akakunja mabaki ya selotepu kwa kucha, akazungusha kwa kalamu. Kazi ya dakika kumi. Tukaisikiliza palepale kwake. Wimbo unakwenda taratibu, Ta anatikisa kichwa. Linaingia chemko. Akainua kidole. "Phin!" anasema. Phin ni gitaa lao la kienyeji, siku hizi wanalitia umeme. Solo letu yeye alilisikia ni phin. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Tena. Nikarudisha.

Halafu ikawa zamu yake, na hapo sikuwa na pa kukimbilia, nimekula hisani ya mtu lazima nisikilize.

Ule muziki unaitwa mor lam. Mor ni bingwa, lam ni kuimba kwa kufuata maneno yenyewe yanavyopanda na kushuka, maana lugha yao sauti ikipanda neno limebadilika. Nyuma kuna khaen, filimbi za mwanzi 16 zimefungwa pamoja unapuliza kwa mdomo, inatoa sauti haikatiki, unapuliza nje inalia, unavuta ndani inalia. Mimi miaka yote nilisikia ni mlio wa namna moja. Ta akanifundisha kusubiri. Mwimbaji anaanza pole pole, anaeleza, analalamika, mtu ameondoka kijijini kwenda Bangkok kuendesha teksi, mvua imekuja na yeye hayupo, anaeleza wee mpaka unachoka, halafu mpigo unageuka, wanaingia kitu wanaita toei, watu wote wananyanyuka. Nikamwangalia Ta. Ta ananiangalia anangoja nielewe mwenyewe.

Chemko! Wana chemko, jamani! Miaka mitatu nimefunga dirisha dhidi ya chemko!

Songkran ya 2014, ndiyo mwaka mpya wao, katikati ya Aprili, joto la kuua, watu wanamwagiana maji barabarani, na wazee wanakaa kwenye viti vijana wanawamwagia maji ya maua mikononi kuomba baraka. Nimekaa nimelowa chepechepe, simu kwenye mfuko wa nailoni inatetemeka, ujumbe kutoka kwa mdogo wangu hapa Moro. Gurumo amefariki. Muhidin Maalim Gurumo. Sauti iliyopita kwenye lile tofali upande wa choo. Nikalia pale barabarani, na uzuri wa Songkran kila mtu uso unachuruzika, hakuna anayejua lipi maji lipi machozi, mtoto akaja akanimwagia ndoo nyingine akakimbia. Jioni nikamweleza Ta, mwimbaji wetu amekufa. Hakunipa pole. Alikwenda akaleta kiti, akakiweka mbele ya redio, tukaweka kaseti, akachukua bakuli la maji ya maua akamwagia pale kidogo chini mbele ya spika.

Niwape na kichekesho kidogo maana naona mama pale anafuta macho. Kwao kulikuwa na malkia wa nyimbo za mashambani, Pumpuang Duangjan, alifariki 1992 ana miaka 30 tu. Kuna hekalu mkoa wa Suphan Buri wamemtengenezea sanamu, na watu wanakwenda kumwomba namba za bahati nasibu! Bahati nasibu yao inachezeshwa tarehe 1 na tarehe 16, ukikaribia tarehe hizo sanamu halipumziki. Ta amekwenda mara mbili, hajapata hata shilingi. Nikamuuliza sasa unafuata nini tena? Akasema angalau amemwona. Hivi sisi nani humu alishamwomba Mbaraka namba?

Sasa nije kwenye ukuta. Mavuno yakiisha, kuanzia Novemba, makundi ya mor lam yanazunguka, kundi lina wanamuziki na wacheza shoo kama kijiji, malori, jukwaa la taa, wanaanza saa tatu usiku wanamaliza jua linatoka. Wengine wanazungushia uwanja mabati unakata tiketi. Mwaka 2015 likaja kundi kubwa, nikamwambia Ta leo nalipa mimi, tunaingia, tunakaa mbele. Tumefika mlangoni nimeshatoa hela, Ta ananivuta shati. Tukazunguka mabati, gizani, tunaruka matuta ya mashamba ya mpunga uliokwishakatwa, mpaka kona moja nyuma ya jenereta. Kuna wazee wengine sita pale, wana mkeka wao, wali wao, chupa yao. Ta akaegemeza mgongo kwenye bati, akanionyesha na mimi niegemee. Besi ikaingia uti wa mgongo.

Niwaambie nini wenzangu. Nilikaa pale mpaka saa kumi na moja alfajiri, nje ya ukuta, na wazee wasiojua Morogoro iko wapi. Kila toei likiingia tunanyanyuka, magoti yanalia, vumbi linatimka. Mlinzi alikuja. Alicheza.

Mwaka uliofuata, Oktoba 13, akafariki mfalme wao Bhumibol, aliyekaa kwenye kiti miaka 70, na naye alikuwa mwanamuziki, mpuliza saksofoni, mtunzi wa jazz. Sisi Oktoba tunaijua, Franco wa OK Jazz tarehe 12 mwaka 1989, Mwalimu tarehe 14 mwaka 1999, sasa na tarehe 13 ikapata mwenyewe. Serikali ikaomba siku 30 bila sherehe. Kijiji kikavaa nyeusi, magari ya spika yakafunikwa turubai, hata mwenyekiti asubuhi anatangaza tu halafu anazima. Kama wiki ya pili hivi naamka alfajiri, nimelala naangalia bati lilelile, kifua kinabana vilevile kama 2010, natega sikio. Mke wangu ananiuliza nini? Nikamwambia, mbona hawapigi? Alicheka, halafu akanyamaza, halafu akanishika mkono. Kaseti zilikuwepo, 14 zote, kwenye kopo la mchele. Sikuzitaka. Nilikuwa nataka kelele zao.

Nimerudi hapa likizo, siku ya pili nimemwambia bodaboda nipeleke kwenye ule ukumbi. Anakaa anafikiri, mzee ukumbi gani? Tumezunguka, tumeupata, sasa wanauza matanki ya maji. Ukuta upo. Wamepaka rangi ya mtandao wa simu. Nimekwenda ile kona, nimeegemea kidogo, bodaboda ananipiga hon, anadhani nakojoa.

Namaliza, Mwenyekiti ananionyesha saa. Ta hasafiri, ana miaka 78 na magoti, anawasalimu kwa mushkila na maneno mengine 39. Ila amenipa kitu nije nacho, kwa sharti nimrudishie, hii hapa kaseti, ile aliyoiunga. Umeme umerudi? Haya DJ, pokea, upande wa pili, taratibu usiivute. Wimbo wa pili ukifika katikati, kabla tu ya chemko, sauti itaruka, hapo ndipo alipokata kile kipande. Kama sekunde kumi hazipo. Msimlaumu DJ. Sisi kule tukifika hapo huwa tunapaimba wenyewe, na Ta hajui maneno.